Fa na Ti Zinakaa Wapi? Maswali ya Siongiroi Kuhusu Ngazi ya Muziki na Nota

Maswali haya yametoka kwa wanakwaya, walimu na wazazi wa Siongiroi na vijiji vya jirani huko Chepalungu, kaunti ya Bomet. Mengi yaliulizwa mazoezi yakiwa yamekwisha, watu wakiwa bado na karatasi za nyimbo mikononi. Nimeyapanga kidogo tu. Swali lililohitaji nafasi nimelipa nafasi, na lililohitaji maneno machache nimelipa hayo machache.

Mwalimu, kila wiki tunaimba do re mi. Ngazi ya muziki ni kitu gani hasa?

Ni mpangilio wa sauti ambazo wimbo unazitumia. Koo la binadamu linaweza kuteleza kutoka chini hadi juu bila kusimama popote, lakini wimbo haufanyi hivyo. Huchagua vituo vichache na kuvirudia hivyo hivyo mpaka sikio livizoee. Ukivipanga vituo hivyo kuanzia cha chini kwenda cha juu, umepata ngazi, au skeli kama wengi wanavyosema.

Ngazi huanza na kuishia kwenye nota ya jina moja. Wanaume na wanawake wanapoimba kiitikio pamoja, wanawake wako juu na wanaume wako chini, na bado tunasikia ni wimbo mmoja. Umbali kati yao ni oktava. Nota ya juu hutetemesha hewa mara mbili ya ile ya chini. Nota A ambayo vyombo vingi duniani hupimiwa ina mitetemo 440 kwa sekunde. A iliyo oktava moja chini yake ina 220, na iliyo juu yake ina 880. Umbali huo wa oktava, piano na kinanda huugawa katika hatua ndogo 12 zinazolingana. Hatua moja ni nusu toni, hatua mbili ni toni.

Sasa lishikeni hili vizuri. Do re mi fa so la ti do si ngazi yenye vidato vinavyolingana. Do hadi re ni toni, re hadi mi ni toni, mi hadi fa ni nusu toni. Kisha fa hadi so toni, so hadi la toni, la hadi ti toni, na ti hadi do ni nusu toni tena. Tazameni kinanda: kati ya vibonye vyeupe vingi pamechomeka cheusi, ila kati ya E na F hakuna, na kati ya B na C hakuna. Do ikiwa C, hapo ndipo zilipo nusu toni mbili, mi–fa na ti–do. Nitazitaja tena na tena, kwa kuwa shida nyingi za kwaya zetu zimejificha hapo.

Nyimbo za wazee wetu nikizijaribu kwa solfa, yaani kwa do re mi, fa na ti hazionekani. Je, nakosea?

Hukosei, mama. Sikio lako limesikia sawasawa. Nyimbo nyingi za Kipsigis, na za jamii nyingine nyingi za Afrika Mashariki, zimejengwa kwa nota tano: do, re, mi, so, la. Ngazi hii huitwa pentatoniki. Ukitaka kuisikia, bonyeza vibonye vyeusi tu vya kinanda, kimoja baada ya kingine. Utashangaa jinsi wimbo wa nyumbani unavyojitokeza wenyewe.

Tafadhali msiiite ngazi pungufu. Nimewasikia walimu wakiwaambia watoto kwamba nyimbo zetu "hazijafikisha nota saba", na usemi huo unaniuma. Wachina wamejenga muziki wao wa karne nyingi juu ya nota tano, na nyimbo nyingi za kale za Uskoti ni hivyo hivyo. Ngazi hii haina nusu toni hata moja. Kutoka do hadi re ni toni, re hadi mi toni, mi hadi so toni moja na nusu, so hadi la toni, la hadi do toni moja na nusu. Kwa kuwa hakuna nota mbili zinazosongamana, nota zake zinaweza kulia pamoja bila kukwaruzana. Ndiyo maana umati wa watu wasiofanya mazoezi pamoja unaweza kupokea wimbo wa arusi na ukasikika vizuri.

Kwaya yetu huanza vizuri, lakini tukifika ubeti wa tatu tumeshuka, na mpiga kinanda akijiunga tunaonekana tumepotea. Tatizo ni nini?

Pumzi fupi huchangia, na uchovu pia. Lakini nikiketi kusikiliza kwaya ya huku ikiimba wimbo wa kigeni wenye nota saba, huwa nasubiri fa na ti. Hapo ndipo mambo huharibika, na sababu yake inaweza kuhesabiwa.

Mwimbaji aliyelelewa na nota tano anajua mi na anajua so. Kati ya nota hizo mbili kuna nafasi ya nusu toni tatu. Ukimwambia aweke fa hapo katikati, koo lake huiweka katikati kweli: nusu toni moja na nusu kutoka mi, nusu toni moja na nusu kutoka so. Lakini fa haikai katikati. Inakaa karibu na mi, nusu toni moja tu. Kwa hiyo fa yake iko juu kupita kiasi.

Upande wa ti, mambo yamegeuzwa. Kati ya la na do ya juu pia kuna nusu toni tatu, na mwimbaji huyo huyo huiweka ti katikati. Ti ya kweli iko juu zaidi, imeegemea do kabisa, nusu toni moja tu chini yake. Kwa hiyo ti yake iko chini. Sasa fuateni kinachotokea. Wimbo unapanda la, ti, do. Ti ikiwa chini, mwimbaji anatoka pale na kupiga hatua ndogo, kwa maana amefundishwa kwamba ti–do ni hatua ndogo, naye anaangukia do iliyo chini ya do ya mwanzo. Do mpya imezaliwa. Ubeti wa pili unaanzia hapo, unashuka tena kidogo, na kufikia wa tatu kinanda na kwaya haviongei lugha moja.

Si upungufu wa sikio. Ni sikio lililofunzwa vizuri na muziki mwingine, linalohitaji kuonyeshwa vituo viwili vipya. Zoezi ninalolipenda ni hili. Kwaya yote iimbe do re mi so la, kupanda na kushuka, mpaka itulie. Kisha simameni juu ya mi na muimbe mi–fa–mi, mi–fa–mi, polepole, midomo ikiwa imefumbwa, fa ikiwa karibu sana na mi mpaka muone kama mnaigusa tu. Baadaye simameni juu ya do ya juu na muimbe do–ti–do kwa namna hiyo hiyo. Muitafute ti kwa kushuka kutoka do. Msiitafute kwa kupanda kutoka la, maana ukipanda utaiweka katikati tena. Dakika tano kabla ya kila zoezi zinatosha. Mwisho wa kila ubeti, mpiga kinanda abonyeze do mara moja, mjisikilize, kisha mwendelee.

Tuanze na solfa au na stafu ya mistari mitano?

Kwa kwaya, solfa. Nalisema hili bila kusitasita, ingawa wapo wenzangu wanaoona solfa imepitwa na wakati.

Majina ya nota tunayoyatumia yana umri mkubwa. Mtawa Guido wa Arezzo huko Italia aliyatoa mengi yake kwenye silabi za wimbo wa kanisa katika karne ya 11, wakati huo ya kwanza ikiitwa ut. Katika karne ya 19, mwalimu wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alitafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto na waumini kuimba kwa kusoma. Ni yeye aliyeibadilisha si, jina la zamani la nota ya saba, ikawa ti, ili kila nota iandikwe kwa herufi yake moja bila kugongana na so: d r m f s l t. Mchungaji John Curwen akaichukua kazi hiyo, akaipanua na kuieneza, na wamisionari wakaibeba hadi Afrika.

Waafrika hawakuipokea kama watazamaji. Mwaka 1897 mwalimu Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika na kuuandika kwa solfa. Sauti ya wimbo huo ndiyo Watanzania wanayoimbia Mungu Ibariki Afrika. Wimbo unaosimamisha mataifa ulianza kama herufi chache kwenye karatasi, bila mistari mitano.

Stafu mtaihitaji baadaye. Mpiga kinanda, mpiga tarumbeta, mwanafunzi anayechukua somo la Muziki katika mtihani wa KCSE, hawa wote hawawezi kuikwepa. Nyimbo nyingi za Kikatoliki za Kiswahili, zikiwemo za watunzi wa Tanzania kama John Mgandu na Bernard Mukasa, husambaa zikiwa kwenye stafu. Lakini anayejua solfa huiona stafu kama picha ya kitu anachokijua tayari.

Naomba unionyeshe hasa jinsi solfa inavyosomwa. Hizo nukta na mistari hunichanganya.

Tuchukue kipande kifupi, nilichokitunga kwa ajili ya jibu hili. Kina nota tano tu:

| s : s | m : r | d : r | m : — |
| l : s | m : r | d : r | d : — |

Mstari uliosimama unagawa wimbo katika vipimo. Pigo la kwanza baada ya mstari huo ndilo lenye uzito, pale mguu unapokanyaga. Nukta mbili zinatenganisha pigo na pigo. Hapa kila kipimo kina mapigo mawili. Kistari kilicholala kinasema: endelea kushikilia nota uliyo nayo. Kwa hiyo mi ya mwisho wa mstari wa kwanza inashikwa mapigo mawili, na do ya mwisho wa wimbo vivyo hivyo. Nota mbili zikigawana pigo moja, huwekwa nukta moja kati yake. Nota ya oktava ya juu huwekewa alama ndogo juu ya herufi, ya oktava ya chini huwekewa chini.

Pigeni makofi kwanza bila kuimba. Kisha semeni majina ya nota kwa kufuata makofi. Kuimba kuje mwisho. Kwaya zinazorukia kuimba moja kwa moja hukariri badala ya kusoma, na wimbo unaofuata huwa mgumu kama ule uliopita.

Juu ya karatasi mtaona pameandikwa "Do ni G" au "Do ni F". Maana yake ni mahali pa kuanzia tu. Kama sauti ya kwanza wanapiga kelele, shusheni do. Herufi zote zinabaki zilivyo, na hiyo ndiyo nguvu kubwa ya solfa.

Na kipande hicho hicho kwenye stafu kinakaaje?

Stafu ni mistari mitano na nafasi nne kati yake, zikihesabiwa kutoka chini. Kila mstari ni nota, na kila nafasi ni nota. Mwanzoni kabisa kuna alama inayotuambia ni nota gani. Alama ya sauti za juu, yaani ya trebo, imejikunja kuzunguka mstari wa pili, na mstari huo ni G. Alama ya besi inashika mstari wa nne, na huo ni F. Ukijua nota moja, nyingine unazihesabu: mstari, nafasi, mstari, nafasi, kwa kufuata A B C D E F G.

Tuseme do ni C. Kwenye stafu ya trebo, so yetu ni G, nayo inakaa juu ya mstari wa pili. La ni A, kwenye nafasi ya pili. Mi ni E, kwenye mstari wa kwanza. Re ni D, inaning'inia chini ya mstari wa kwanza. Do ni C ya katikati, nayo haina mstari wake, hivyo huchorewa kamstari kafupi ka nyongeza chini ya stafu. Ukizitazama nota hizo zikipangwa, unaona wimbo ukishuka na kupanda kabla hujaufungua mdomo.

Muda huonyeshwa kwa umbo. Nota nzima ni duara tupu lisilo na kijiti, na katika hesabu ya kawaida hushikwa mapigo manne. Nusu ni duara tupu lenye kijiti, mapigo mawili. Robo imejazwa rangi na ina kijiti, pigo moja. Thumuni ina kijiti chenye mkia, nusu ya pigo. Kipande chetu kitaandikwa 2 juu ya 4 pale mwanzoni: robo mbili kwa kila kipimo. Kila mstari wake una robo sita na nusu moja. Hesabuni muone.

Mtoto wangu wa gredi ya nne anarudi nyumbani na rikoda akisema "taa, ta-te". Ni muziki huo?

Ni muziki kabisa, na msimkataze. Hayo ni majina ya midundo yaliyotoka Ufaransa. Taa ni robo, ta-te ni thumuni mbili katika pigo moja, taa-aa ni nusu, na tafatefe ni nota nne katika pigo moja. Mtoto anayesema ta-te kwa mdomo ataicheza sawa kwenye rikoda. Mwombeni aseme midundo ya kiitikio mnachokiimba kanisani. Huenda akawafundisha.

Kuhusu mlio wa rikoda, mwambieni apulize kidogo kuliko anavyodhani. Kelele nyingi mnazosikia zinatokana na pumzi kubwa mno.

Kwa nini kuna shapu na flati? Mbona tusiimbe kila kitu kwenye C?

Kwa sababu makoo hayalingani. Do ikihamia G, mpangilio wa toni na nusu toni lazima uhame nao. Panda kutoka G kwa vibonye vyeupe: mambo ni sawa mpaka ufike ya saba, F, ambayo iko toni nzima chini ya G. Ti inatakiwa iwe nusu toni tu. Basi F inapandishwa nusu toni, inakuwa F shapu. Do ikiwa F, ya nne ndiyo yenye shida: B iko juu mno, inashushwa kuwa B flati. Shapu hupandisha, flati hushusha, na zikiandikwa mwanzoni mwa stafu zinashika wimbo wote. Tazama tena ni nota zipi zilizohitaji kurekebishwa: ti na fa.

Wimbo wa taifa letu una hali fulani ya uzito. Ni ngazi ile ile?

Ni swali zuri sana. Hapana, huo uko kwenye ngazi ndogo, ile inayoweka kituo chake kwenye la badala ya do: la ti do re mi fa so la. Tofauti kubwa iko mwanzoni. Kutoka do hadi mi ni toni mbili, kutoka la hadi do ni toni moja na nusu. Nusu toni hiyo moja iliyopungua ndiyo inayobadilisha sura ya wimbo. Wengi husema ngazi ndogo ni ya huzuni. Mimi naona uzito na heshima zaidi kuliko huzuni.

Msingi wa wimbo wenyewe ni bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Kazi ya kuutayarisha kabla ya uhuru wa 1963 ilifanywa na watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua sauti ambayo mama alikuwa akimlazia mtoto, wakaipangia sauti nyingine, ikaandikwa kwa nota, na sasa bendi ya jeshi na watoto wa shule ya msingi wanaupiga na kuuimba ule ule. Bila nota, kazi hiyo isingewezekana.

Basi na nyimbo za akina kogo, bibi zetu, tuziandike? Au tuzirekodi tu kwa simu?

Fanyeni yote mawili, na muanze mwezi huu.

Kurekodi kuna thamani kubwa, na ushahidi uko karibu nasi. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akarekodi Wakipsigis wakiimba na kupiga chepkong, kinubi chetu. Kati ya nyimbo hizo ni zile zinazoitwa Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Katika wimbo wa wasichana, Chemirocha amekuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki ya ILAM, na zaidi ya miaka sitini baadaye zikarudishwa Kapkatet kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi. Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai. Hebu fikirini ni nyimbo ngapi za Chepalungu ambazo hakuna aliyezirekodi wakati huo.

Lakini rekodi haimwonyeshi mwanafunzi jinsi wimbo ulivyojengwa. Karatasi ya nota inafanya hivyo. Kwaya ya shule inayojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya inaweza kuuchukua wimbo ulioandikwa, ikaugawa kwa sauti nne, na kizazi kingine kikaupata hata kama mwalimu amehamishwa.

Nota nazo zina mipaka, na ni vyema tuijue. Mpiga chepkong hukaza nyuzi kwa kufuata sikio na koo lake, si kinanda. Tracey mwenyewe alisafiri na uma za sauti ili apime vyombo alivyovikuta, kwa kuwa alijua havikupangwa kwa kipimo cha piano. Kwa hiyo mkisikia nota ya kogo iko kati ya mi na fa, msimsahihishe. Andikeni iliyo karibu, wekeni mshale mdogo wa kupanda au kushuka juu yake, na muiache rekodi iseme yaliyobaki.

Utaratibu wenyewe ni huu. Rekodi wimbo mzima mara mbili, bila kumkatiza. Nyumbani, sikiliza na utafute nota ambayo wimbo unaishia au kutulia. Mara nyingi hiyo ni do au la. Kwa programu ya simu ya kupimia sauti, angalia nota hiyo ni ipi kwa herufi, uandike juu ya karatasi. Piga mapigo kwa mguu, uchore vipimo kabla ya nota. Kisha jaza sentensi moja moja ya wimbo, ukianza na kiitikio kwa kuwa ndicho kinachorudiwa zaidi. Maneno ya Kipsigis yaandikwe chini ya nota, silabi kwa silabi. Ukimaliza, rudi kwa kogo umwimbie ulichoandika, na akikataa mahali, badilisha karatasi. Pembeni andika jina la aliyeimba kama ameruhusu, kijiji chake, tarehe, na wimbo huimbwa wakati gani: arusi, kazi, kubembeleza mtoto. Weka nakala moja shuleni na moja kwa familia yake.